Vifungo vya Mkono Vilivyoishia Masikioni

Anayewajibika ni Bwana Felisiani, mkuu wa sasa wa ofisi yetu ya etasivili hapa Uvira. Si panya, si mafuriko, si mahangaiko ya mji, si fundi wa sokoni, na wala si mke wa Bwana Felisiani mwenyewe. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mkosaji katika yanayofuata. Mkosaji anajulikana, ana kiti, ana mhuri, na kila asubuhi anapita mbele ya nyumba yangu akijifanya anaangalia ziwa.

Nyinyi wadogo zangu mliobaki kazini mmeniomba niandike kumbukumbu za miaka yangu katika ofisi ile inayoandika vizazi, ndoa na vifo vya watu. Nimekubali. Vyeo vyangu sitavitaja, kwa kuwa walionipa wameshavisahau, na mshahara sitautaja kwa sababu za adabu. Nitaeleza habari ya jozi moja ya vifungo vya manisheti, yaani vile vifungo visivyoshonwa kwenye nguo, vinavyopenya katika matundu ya mkono wa shati na kuushika kwenye kifundo. Najua wapo watakaocheka. Bwana Felisiani naye alicheka.

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia na shati jeupe la kaka yangu, ambaye alikuwa na mikono mirefu kuliko yangu. Mkuu wa ofisi wakati huo alikuwa Papa Bulonza, mtu mwembamba, mpole wa sauti, asiyevua koti hata bonde la Ruzizi lilipochemka kama sufuria. Mbele yake palikuwa na bwana harusi na bibi harusi kutoka Runingu, na kitabu kikubwa cha ndoa kilikuwa wazi, wino ukiwa bado mbichi. Nilinyoosha mkono kumpa mhuri. Kabla mkono wangu haujafika, aliushika hewani.

"Weye, simama hapo. Unaona hii buku?"

"Ndiyo, Chef."

"Jina ya bibi harusi iko na maji bado. Shemise yako ikipita pale juu, huyu mwanamuke atatoka humu na bwana bila jina. Utamuoa weye?"

Ofisi nzima ilicheka, na bibi harusi wa Runingu alicheka kuliko wote. Papa Bulonza akachukua kamba ya kufungia mafaili, akanifunga mikono yote miwili ya shati kama anayefunga kuku wa sokoni, kisha akaendelea na ndoa. Nilipiga mihuri siku nzima nikiwa na kamba. Hakuna chuo kilichonifundisha kazi kwa haraka kiasi hicho.

Yeye mwenyewe alikuwa na vifungo viwili vya fedha vilivyobeba jiwe la malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga, ambako aliwahi kusoma ujanani. Malakiti ina mistari, na hakuna mawe mawili yenye mistari inayofanana. La mkono wa kulia lilikuwa na duara ndani ya duara, kama jicho linalotazama. La kushoto lilikuwa na mawimbi. Naomba msomaji ayakumbuke mawe hayo, kwa sababu baadaye yatatoa ushahidi bila kufungua kinywa.

Papa Bulonza alitufundisha namna ya kuvivaa. Kingo mbili za manisheti haziingiliani kama za shati la shule. Zinakutana uso kwa uso, kama watu wanaosalimiana. Uso wa kifungo hutazama nje, upande wa watu, na kile kijiti cha nyuma huzungushwa kulala ndani, upande wa mshipa. Shati hupigwa pasi likiwa na unyevu kidogo, la sivyo kitambaa cha manisheti kinajikunja kama sikio la mbuzi. Juu ya yote kulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona katika ofisi nyingine yoyote: hakuna aliyejifunga mwenyewe. Kabla ya ndoa, atakayefungisha alinyoosha mikono, na mwenzake wa kazi akamfunga. Nilimuuliza kwa nini.

"Jaribu weye mwenyewe kwa mukono moja, utaona," alisema. "Halafu, mwenye anakufunga atakuwa karibu. Ni yeye atakuambia kama kola yako iko chafu, ao kama unanuka pombe. Ukijifunga weye peke yako, nani atakuambia?"

Kwa miaka yote niliyokuwa chini yake, kola zetu zilikuwa safi.

Kisa kigumu nilichokiona mapema kilitoka Rurambo, kule juu milimani. Alishuka mfugaji mmoja kwa miguu pamoja na mchumba wake na wazee wawili, akiwa amevaa shati la baloti, yaani la mitumba, lenye manisheti za kukunja mara mbili na lisilo na kifungo hata kimoja. Mikono ya shati ilimfikia kwenye kucha. Alipopewa kalamu hakuweza kuishika. Kila akiipandisha mikono, ilishuka tena. Karani wetu mmoja, ambaye sasa ni marehemu na kwa hiyo namsamehe jina, alisema kwa sauti, "Huyu shemise yake iko inakunywa mikono." Watu wakacheka. Yule mfugaji akaweka kalamu chini na kumwambia mchumba wake, "Twende. Tutarudia siku ingine." Mchumba hakuinuka, lakini macho yake yalikuwa tayari yamejaa.

Papa Bulonza alisimama. Alivua vifungo vyake vya malakiti, akazunguka meza, akamfunga yule bwana harusi mkono mmoja, kisha wa pili, taratibu, kama vile hakuna mtu mwingine ndani ya chumba. Kisha akanigeukia mimi.

"Mupenda, leta kamba."

Nilimfunga mkuu wangu kwa kamba ya mafaili, mbele ya watu, na ndoa ile ikafungishwa hivyo. Karani alipojaribu kunong'ona kwamba si vizuri kwa heshima ya serikali, alijibiwa, "Leo iko siku ya huyu muntu. Haiko siku ya minye," yaani si siku yake yeye.

Msimu uliofuata yule mfugaji alituma zawadi: vifungo viwili vya pembe ya ng'ombe, alivyovichonga mwenyewe, vilivyong'arishwa hadi vikawa na rangi ya asali. Papa Bulonza alivigeuza kiganjani, akanipa mimi. Ndivyo nilivyoacha kamba, na ndivyo nilivyoanza ugonjwa wa kukusanya.

Naam, nilikusanya, na sioni haya kusema hivyo. Kila baloti zilipofunguliwa sokoni nilipita kwenye marundo ya mashati, kwani wenye mashati yale huko Ulaya huyatupa wakati mwingine wakisahau vifungo matunduni. Wauzaji wetu hawakuvijua. Mama mmoja alinionyesha shati zuri la manisheti akisema kwa huruma, "Papa, hii iko na kasoro, butoni yake ilianguka, lakini nitakushonea ingine." Mwingine alikuwa amekwisha kuyaziba matundu yote manne kwa uzi mweusi, kwa uaminifu mkubwa. Nilipata vya shaba, vya kioo, na kimoja chenye nanga ambacho hadi leo kinamngoja mwenzake ndani ya kopo la maziwa.

Niliwaona pia wakubwa waliotutembelea. Mmoja alikuja na vifungo vikubwa kama vizibo vya chupa, vikiwa bado na karatasi ya bei. Mwingine alikuwa na shati la kawaida lisilo na matundu yanayofaa, akaagiza avishonewe juu kwa uzi, na alipoinua mikono kutuhimiza kuhusu uadilifu, kimoja kilibaki kikining'inia hadi mwisho wa hotuba. Nyinyi mliozoea kuwapigia makofi watu hawa, siku nyingine watazameni vifundoni.

Ukafika wakati watu wa Uvira walipovuka mpaka kukimbilia Burundi. Kila mtu alibeba alichoweza: sufuria, godoro, cherehani. Papa Bulonza alivishona vile vifungo ndani ya upindo wa koti lake. Tulipokuwa ukimbizini vijana wawili walimwomba awafungishe ndoa, naye akawaombea baraka lakini akakataa kuvivaa. "Hapa minye ni mukimbizi," aliwaambia. "Hivi viko vya ofisi." Tuliporudi, ofisi haikuwa na milango wala viti. Alipasua upindo kwa wembe, akanyoosha mikono, nikamfunga, na kazi ikaanza tena juu ya sanduku la bia lililopinduliwa.

Alipostaafu, tulidhani ataondoka navyo. Vilikuwa mali yake, na hakuna ambaye angesema neno. Badala yake aliita wafanyakazi wote, akanifunga mimi kwa vidole vyake mwenyewe, akasema kwamba tangu siku hiyo vifungo vile ni vya mkono unaofungisha watu ndoa, na kila anayeondoka atamfunga anayeingia mbele ya wote. "Haviko vya muntu. Viko vya kazi."

Binti yake wa mwisho, Faida, alikuwepo siku hiyo, akiwa bado mdogo. Alikuwa na mazoea ya kukaa magotini kwa baba yake na kulizungusha lile jiwe lenye jicho kwa kidole. Alipoviona mkononi mwangu aliniangalia kama mwizi. Baba yake alicheka, akamwambia, "Usilie, mama. Siku yako ya kuolewa utavikuta hapa, vikikungojea."

Papa Bulonza alipokuwa mgonjwa, mwishoni mwa maisha yake, nilikuwa nikimtembelea kila jioni baada ya kazi. Hakuniomba mambo mengi.

"Mupenda, siku ya Faida, minye sitakuwapo."

"Chef, usiseme hivyo."

"Nyamaza, nisikilize. Mwenye atamufungisha, awe na zile butoni. Mutoto aone mukono ya baba yake pale mezani. Ni ile tu."

Nilimwahidi. Ahadi hiyo ndiyo sababu ya karatasi hii.

Nilistaafu nami. Mbele ya wafanyakazi wote nilimfunga Bwana Felisiani kwa vidole vyangu, nikamweleza asili ya vifungo, desturi ya kufungiana, na ahadi ya Faida. Alitikisa kichwa wakati wote kama mtu anayesikiliza mahubiri akiwa na njaa. Nilipomaliza aliinua kifundo chake kwenye mwanga wa dirisha na kuuliza swali moja tu: "Papa Mupenda, hii ni fedha ya kweli?" Nilidhani ni udadisi. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi na watu waliokufa na waliozaliwa. Sikuwa na uzoefu wa kutosha na watu wa aina yake.

Siku ya Faida ikafika. Mimi nilikuwa shahidi wake. Mwanamume aliyemchagua ni mwalimu wa Bwegera, kijana mtulivu ambaye wazazi wake wanalima mpunga. Ofisi ilijaa, kwaya anamoimba Faida ilisimama ukutani ikiwa na sare. Bwana Felisiani akaingia na utepe wa rangi za taifa begani. Manisheti zake zilikuwa zimebanwa kwa vibanio vya karatasi, vile tunavyoviita tromboni. Kimoja kilikuwa na kutu.

Faida hakumtazama usoni. Alitazama vifundo, cha kulia, kisha cha kushoto, kisha tena cha kulia.

"Chef," alisema kwa adabu, "butoni za papa ziko wapi?"

"Ah, dada, butoni tu! Tuendelee, watu wako na joto."

"Minye naulizia tu. Papa Mupenda alikuelezea."

"Nilizitunza. Ziko salama. Ile ni vitu vya zamani, dada, leo tuko na mambo mingi: mashine haitembei, karatasi haiko..." Akachukua mhuri na kuanza kuusafisha, ingawa ulikuwa safi.

Hapo kwaya ikadhani ndoa imekwama kwa kukosa shangwe, ikaanza wimbo. Anayeuanzisha wimbo katika kwaya ile ni Mama Neema, mke wa Bwana Felisiani, mwanamke mwema ambaye sina neno baya juu yake. Alipiga hatua mbele, nywele zimepandishwa juu, na masikio yake yakaonekana na chumba kizima. Katika sikio la kulia palikuwa na duara ndani ya duara. Katika la kushoto palikuwa na mawimbi.

 Sikuhitaji kumwonyesha mtu, kwa maana Faida alikuwa amekwisha kusimama. Alivuka chumba na gauni lake jeupe, akainua kidole, akaligusa lile jiwe la kulia na kulizungusha, kama alivyokuwa akifanya magotini.

"Mama Neema, samahani. Hizi herini ulitosha wapi?"

Wimbo ukakatika. "Ni bwana yangu aliniletea. Bujumbura. Ziko nzuri, eh?"

"Ziko nzuri sana," Faida alisema. "Ni butoni za papa yangu."

Mama Neema alimtazama mumewe. Bwana Felisiani aliendelea kusafisha mhuri. Mtu akiwa na haki huinua kichwa. Yeye alikuwa akitafuta doa dogo ambalo halikuwepo.

"Felisiani. Ulisema Bujumbura."

"Mama Neema, tutaongea kule nyumbani..."

"Nyumbani gani? Weye ulinivalisha butoni za marehemu, niko naimba nazo mbele ya Mungu kila siku ya yenga mu kanisa, na mutoto wake iko kando yangu mu soprano?" Alizivua hereni zile palepale, moja baada ya nyingine, akaziweka kiganjani mwa Faida na kukifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, mwanangu. Minye sikujua." Kisha akarudi mstarini na kusimama wima, masikio matupu, na hakuna hata mmoja katika kwaya aliyethubutu kumtazama.

Faida alifungua kiganja, akanionyesha. Vijiti vya nyuma vilikuwa vimekatwa na mahali pake zimechomelewa ndoano nyembamba. Visingeweza tena kushika mkono wa mtu yeyote. Alivigeuza kimoja baada ya kingine. Mwalimu wa Bwegera hakumharakisha, na kwa hilo nimempenda.

"Baba mdogo," aliniambia hatimaye, "weye umevaa za pembe?"

Nilikuwa nimezivaa.

"Basi umufunge Chef. Papa hakupenda muntu arudi nyumbani bila ndoa."

Nakiri kwamba mikono yangu haikutaka. Ningependa kumwona mtu yule akifungwa kwa kamba ya kuku. Lakini ni yeye Faida aliyeniomba, na siku ilikuwa yake. Nilivua vifungo vya yule mfugaji wa Rurambo, nikazitupa tromboni zote mbili kwenye kikapu cha taka, ile yenye kutu kwanza, nikamfunga Bwana Felisiani mkono wa kulia, kisha wa kushoto, bila kumtazama usoni. Kwa kuwa nilikuwa karibu, na kwa kuwa desturi inanilazimisha, nilimwambia pia kwamba kola yake ni chafu.

Ndoa ikafungishwa. Faida alisema "Ndiyo" akiwa na yale mawe ndani ya ngumi ya kushoto, na akatia sahihi kwa mkono wa kulia bila kuifungua ngumi hiyo. Wino ulipokuwa bado mbichi nilizunguka meza na kumfungua Bwana Felisiani mbele ya wote, nikavirudisha vifungo vyangu mfukoni. Mikono ya shati lake ilimwangukia hadi kwenye kucha. Safari hii hakuna aliyecheka.

Baada ya siku chache nilikwenda kwa fundi wa hereni sokoni, si kumlaumu, bali kuuliza. Ni mtu mkweli. "Papa, Chef alisema ni vitu vyake, bibi yake iko na anivelseri, siku ya kuzaliwa. Minye nilikata tu. Lakini vijiti niko navyo, minye situpake fedha ovyo." Akamimina kikopo mezani, na navyo vikaanguka, vyote viwili, vizima, pamoja na ganda la saa na jino la mtu. Alisema kwamba kuvirudisha ni kazi ya asubuhi moja, ila hawezi kugusa mawe mpaka aliyeyaleta aje mwenyewe kusema ni ya nani. Nimemwona fundi wa kikopo akiwa na utaratibu kuliko ofisi yetu.

Tangu siku hiyo Bwana Felisiani ametuma watu watatu tofauti kuniambia kwamba jambo hili limekwisha, kwamba Mama Neema ameshamsamehe (sina uhakika), na kwamba mzee mwenye heshima hapigi kelele kwa ajili ya butoni. Hajaja mwenyewe. Hajamwendea Faida. Na ninaambiwa kwamba ndoa zinaendelea kufungishwa kwa tromboni, na kila anayefungisha anajifunga mwenyewe ndani ya chumba kilichofungwa mlango.

Kwa hiyo, mimi Mupenda, mfanyakazi mstaafu wa ofisi hiyo, ninadai yafuatayo rasmi, na ninaomba karatasi hii ibandikwe mahali ambapo kila mfanyakazi ataisoma. Ninadai kwamba Bwana Felisiani asimame mbele ya wafanyakazi wote, Faida akiwepo, aseme kwa kinywa chake alichofanya, nani alimruhusu, na kwa nini alimdanganya mke wake. Ninadai kwamba aende kwa fundi kwa miguu yake mwenyewe, akiri kwamba mawe yale hayakuwa yake, na asubiri hapo hadi vijiti virudi mahali pake. Vifungo vitakapokuwa vizima, Faida ndiye atakayeamua kama ofisi bado inastahili kuvitunza. Akikubali, ninadai avifunge yeye kwa vidole vyake, kwenye mkono wa mfanyakazi atakayemchagua, na mkono huo usiwe wa Bwana Felisiani.

Hadi atakapojibu, avae shati la mikono mifupi, ili wanaokuja kuoana waone kabla ya kuketi kwamba hapo mezani kuna kitu kinakosekana, na waulize.